Umeme unarudi, sekunde tatu unaenda tena: rele ya "temps inverse" inafanya kazi gani?

Delestaji imeisha. Taa zinawaka kartieri nzima, watoto wanapiga kelele ya furaha. Mtu hajamaliza kuhesabu mpaka tano, giza tena. Papo hapo tunasema: "SNEL wanatuchezea." Iko siku ni kweli mtu amekata kwa mkono, juu umeme hautoshi kwa wote. Lakini siku nyingine hakuna mkono wa mtu hata mmoja. Iko chombo kidogo ndani ya kabine, ao ndani ya posti kubwa, kinaitwa rele. Kimehesabu, na hesabu yake imefika mwisho.

Ndugu msikilizaji, kujua hesabu ile si kazi ya mafundi peke yao. Mtu anayeijua anaweza kusaidia transfo ya kartieri yake isiungue. Na transfo ikiungua, wote tunajua kinachofuata: wiki ao miezi ya mbabula na makala, mikutano ya avenii, na kuchanga franka.

Umeme wa Likasi unapita njia gani

Katanga iko na umeme wa maji tangu zamani. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kutumika mwaka 1930 juu ya kazi za Union Minière. Koni ikafuata, chini kidogo kwenye mto ule ule. Kisha zikaja Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, upande wa Kolwezi. Tangu miaka ya 1980 iko tena ile laini ndefu ya Inga, kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi.

Kutoka huko umeme unasafiri kwenye nyaya kubwa za volti 220,000 na 120,000. Ukifika mjini unashushwa kwenye posti. Toka posti unaenda kwa laini za kati mpaka kabine za kartieri, Kikula, Panda, Shituru na Likasi. Ndani ya kabine, transfo inaushusha mara ya mwisho mpaka volti 400 kati ya nyaya tatu. Nyumbani kwako unapata 220 ao 230.

Kwa hiyo kati ya mto Lufira na resho ya mama jikoni kuna ngazi nyingi. Kila ngazi iko na mlango wake wa kufunga: disjonkteri, ao fyuzi. Na kwa disjonkteri kubwa, anayeamua mlango ufungwe ni rele.

Rele haikati, rele inaamuru

Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Disjonkteri ni mkono: ndiyo inafungua na kufunga njia ya umeme. Rele ni jicho na akili: inatazama mkondo unaopita, ule mafundi wanapima kwa ampere, na ikiona umezidi inatoa amri.

Rele haiguswi na mkondo mkubwa wenyewe. Katikati kuna transfo ndogo ya kupimia, mafundi wanaiita TC. Kama imeandikwa 200/5, maana yake ampere 200 zikipita kwenye laini, kwenye rele zinafika 5 tu. Rele inasoma zile 5 na kujua kinachotokea nje.

Fundi anaiwekea mambo mawili. La kwanza ni kiwango: toka ampere ngapi ianze kuhesabu. La pili ni kipimo cha muda: ihesabu haraka ao polepole. Chini ya kiwango rele inanyamaza, hata siku nzima ipite. Juu ya kiwango, saa yake inaanza.

Kwa nini isikate papo hapo?

Njo swali ambalo kila mtu anauliza. Kama mkondo umezidi, kungoja nini?

Jibu la kwanza: si kila kuzidi ni hatari. Motere ya kinu cha mahindi ikianza, inavuta mara tano ao sita ya mkondo wake wa kawaida, kisha inatulia. Transfo ikiwashwa, inaweza kuvuta mara 8 mpaka 12 ya kawaida kwa sehemu ndogo ya sekunde. Rele ingekata papo hapo, hakuna kinu kingeanza na hakuna kabine ingewaka.

Jibu la pili: kinachoharibu waya ni joto, na joto linataka wakati. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara kumi, joto ni mara mia. Waya unaozidiwa kidogo unaweza kuvumilia dakika nyingi. Waya wenye kortisirki unayeyuka mbele mtu hajageuza kichwa.

Basi sheria ya rele ni hii: hatari ndogo, ngoja sana, hatari kubwa, ngoja kidogo. Muda unaenda kinyume na mkondo. Ndiyo maana mafundi wetu, waliosoma kwa Kifaransa, wanaiita "temps inverse".

Hesabu yenyewe

Shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lenye makao Geneva, limeandika hesabu hizi kwenye kiwango namba 60255. Ziko tatu zinazotumika sana: ya kawaida, ya kali, na ya kali kabisa. Kwa msomaji anayependa namba:

- Ya kawaida: gawa 0.14 kwa (M kipeo 0.02, toa 1)
- Ya kali: gawa 13.5 kwa (M toa 1)
- Ya kali kabisa: gawa 80 kwa (M mara M, toa 1)

M ni mara ngapi mkondo umepita kiwango. Jibu ni sekunde, kisha unazidisha kwa kipimo cha muda ambacho fundi ameweka. Kipimo kikiwa 1, inatoka hivi:

- Mkondo mara 2 ya kiwango: ya kawaida sekunde 10, ya kali 13.5, ya kali kabisa 26.7
- Mara 5: ya kawaida 4.3, ya kali 3.4, ya kali kabisa 3.3
- Mara 10: ya kawaida 3.0, ya kali 1.5, ya kali kabisa 0.8
- Mara 20: ya kawaida 2.3, ya kali 0.7, ya kali kabisa 0.2

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho. Ile kali kabisa ni mvumilivu kupita zote wakati hatari ni ndogo, na ni ya mbio kupita zote wakati hatari ni kubwa. Inafuata karibu kabisa namna joto linavyopanda ndani ya waya. Kwa hiyo inafaa pale ambapo chini yake kuna fyuzi, juu fyuzi nayo inafanya vile vile. Fyuzi ni waya mwembamba unaoyeyuka kwa joto: mkondo mkubwa, unayeyuka mbio; mkondo unaozidi kidogo, unachelewa. Fyuzi njo mkubwa wa rele zote, haihitaji hesabu wala betri.

Ilianza na sahani inayozunguka

Nani hakumbuki kontere ya zamani yenye kisahani cha alumini kinachozunguka nyuma ya kioo? Ukiwasha resho, kinakimbia. Ukizima, kinatulia. Rele za kwanza za temps inverse zilitengenezwa kwa akili ile ile. Mkondo unapita kwenye koili, sumaku inasukuma kisahani, resoro ndogo inakizuia. Mkondo ukipita kiwango, kisahani kinashinda resoro na kuanza kuzunguka. Mkondo mkubwa, kinazunguka mbio. Mwisho wa safari kinagusa kikontakti, amri inatoka, disjonkteri inafunguka.

Kipimo cha muda kilikuwa umbali tu: fundi anasogeza kisahani karibu ao mbali na kikontakti, kama kumwekea mkimbiaji mstari wa kuanzia.

Leo rele mpya ni za elektroniki, hazina kitu kinachozunguka. Lakini hesabu haikutupwa. Ile 0.02 ya ajabu kwenye hesabu ya kawaida iko pale kusudi rele mpya ifuate mwendo wa kisahani cha zamani. Faida yake ni kubwa kwa nchi kama yetu: rele ya zamani na rele mpya zinaweza kukaa kwenye laini moja na kuelewana. Wamarekani wako na hesabu zao tofauti kidogo, kwa hiyo fundi anayebadilisha rele anaangalia kwanza imewekewa hesabu gani. Jina moja la "kali" halimaanishi muda mmoja.

Kila mmoja na zamu yake

Hapa ndiyo uzuri wa kazi. Ngazi tatu zinaona kortisirki moja kwa wakati mmoja: kabine, laini ya kartieri, na mlango mkubwa wa posti. Wote watatu wanaanza kuhesabu. Nani akate? Yule aliye karibu na hatari, ili wengine wasipoteze umeme bure. Ni kama kwenye familia: ugomvi wa watoto unaamuliwa kwanza na mkubwa aliye hapo nyumbani. Akishindwa, baba mkubwa anaingia. Mkutano wa ukoo mzima ni wa mwisho.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kabine imewekewa kiwango cha ampere 100 na kipimo cha muda 0.1. Laini ya kartieri, ampere 200 na kipimo 0.2. Mlango wa posti, ampere 400 na kipimo 0.25. Wote wanatumia hesabu ya kawaida. Kortisirki ya ampere 2,000 inatokea pale kabine:

- Rele ya kabine inaona mara 20: itakata kwa sekunde 0.23
- Rele ya laini inaona mara 10: itakata kwa sekunde 0.59
- Rele ya posti inaona mara 5: itakata kwa sekunde 1.07

Kabine inakata kwanza, wale wawili wanaona mkondo umeshuka na kurudi kulala. Kartieri moja inabaki gizani, mji unaendelea. Kati ya zamu na zamu mafundi wanapenda kuacha sekunde 0.3 mpaka 0.4 hivi, ili disjonkteri ipate wakati wa kufunguka na makosa madogo ya vipimo yasiharibu mpango.

Sasa tuseme rele ya kabine imekufa, betri yake imeisha, ao mtu ameifunga isikate. Laini itakata kwa sekunde 0.59. Umeme utakatika, ndiyo, lakini mambo mawili yamebadilika. Kabine zote za laini ile ziko gizani, si moja. Na joto limefanya kazi mara mbili na nusu zaidi ndani ya nyaya na transfo. Mara moja transfo inaweza kuvumilia. Mara nyingi, haivumilii.

Kwa nini unarudi na kuenda

Turudi kwa zile sekunde tatu. Wakati wa delestaji nyumba nyingi zinaacha resho imewashwa, pasi iko kwenye prizi, frigo zote zimepoa kazi na zinangoja kuanza pamoja. Siku ya kawaida vitu hivi vinapokezana: mama huyu anapika sasa, jirani atapika baadaye. Umeme ukirudi, vyote vinavuta kwa dakika moja.

Laini yetu ya mfano iko na kiwango cha ampere 200. Tuseme kartieri inavuta 300, yaani mara moja na nusu. Weka kwenye hesabu ya kawaida na kipimo 0.2: inatoka sekunde 3.4. Moja, mbili, tatu, giza. Hakuna aliyekata. Fundi akirudisha na vyombo bado vimewashwa, rele itahesabu tena vile vile, na itafika pale pale.

Ile kuvuta kwa nguvu ya transfo zenyewe kwenye kuwaka haikusumbua, juu ilipita mbele hesabu haijaisha. Kilichosumbua ni mzigo unaobaki. Na mzigo huo uko mikononi mwetu.

Fyuzi ya waya mnene

Kwenye kabine, upande wa volti 400, kila laini inayotoka kwenda kwa avenii inatakiwa kuwa na fyuzi yake. Fyuzi ikiungua mara kwa mara, iko mtu atasema: "Tutie kipande cha waya ya shaba, tutalala na umeme." Wanalala na umeme kweli. Lakini tuangalie hesabu.

Chukua transfo ya kVA 630 inayoshusha volti 15,000 mpaka 400. Upande wa 400 inaweza kutoa ampere 909. Upande wa juu hiyo ni ampere 24 tu, juu volti ni nyingi. Sasa waya mwembamba mwisho wa avenii umegusana na mwingine. Juu uko mbali, kortisirki yake haifiki mbali: tuseme ampere 1,000. Kwa fyuzi ya ampere 250, hiyo ni mara nne, itayeyuka yenyewe. Lakini ukiwa umeweka shaba nene, nani ataona? Upande wa juu ampere 1,000 zile zinaonekana kama 27 hivi. Rele ya laini, yenye kiwango cha 200, haianzi hata kuhesabu. Kwake yeye ni jioni ya kawaida.

Waya utaendelea kuwaka mpaka nyumba ishike moto, nguzo iungue, ao mafuta ya transfo yachemke. Rele ya posti haiwezi kushika kazi ya fyuzi ya kabine, hata ikiwa mpya na ya bei kali. Kila ngazi inalinda kipande chake. Ukitoboa moja, iko sehemu inabaki bila mlinzi kabisa.

Ni vile vile kwa nyumba zinazounganishwa kwa kuiba, bila kontere na bila disjonkteri. Mzigo wao haukuhesabiwa wakati fundi alichagua kiwango. Na kable ya shaba ya ardhini ikiibwa kwenye kabine ili iuzwe, umeme uliopotea unakosa njia nzuri ya kurudia, mkondo unakuwa mdogo, na rele inachelewa ao hainoni kitu.

Waya ulioanguka: usingoje rele

Iko jambo moja la kukumbuka kupita yote. Rele inapima mkondo, haipimi hatari kwa mtu. Waya wa laini ukianguka juu ya udongo mkavu, mchanga ao lami, unaweza kupitisha ampere chache tu. Kwa rele ya 200, hakuna kitu. Kuna rele nyingine za kutazama umeme unaoenda ardhini, zinawekewa kiwango cha chini zaidi, lakini hata hizo haziwezi kuona kila waya ulioanguka. Na mwili wa mtu hauhitaji ampere 200. Sehemu ndogo ya ampere moja inatosha kusimamisha moyo.

Tarehe 2 Februari 2022, kwenye soko la Matadi-Kibala huko Kinshasa, kable ya umeme ya volti kubwa ilianguka juu ya watu baada ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokuwa sokoni. Nchi nzima ililia. Huku kwetu pia mvua ni za radi na upepo, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, na nyaya nyingi zinapita juu ya masoko na parseli.

Kwa hiyo waya ulio chini ni waya wenye umeme, hata hautoi cheche, hata kartieri iko gizani. Laini inaweza kurudishwa wakati wowote.

Mambo ya kushika

- Umeme ukikatika, zima resho, pasi na frigo. Ukirudi, ngoja dakika kumi hivi kabla ya kuwasha vitu vikubwa, kimoja kimoja. Acha taa moja tu ya kukujulisha. Avenii nzima ikifanya hivyo, rele haitafika mwisho wa hesabu.
- Disjonkteri ya nyumbani ikiruka, tafuta sababu mbele ya kuinua. Ikiruka mara ya pili, acha chini na uite fundi. Usiifunge kwa kamba wala kijiti.
- Usikubali fyuzi ya kabine ibadilishwe na waya ao msumari, hata anayefanya ni fundi wa kartieri tunayemheshimu. Kama fyuzi inaungua kila jioni, mzigo umezidi ao waya umeharibika. Fyuzi inasema ukweli.
- Kartieri ikichanga pesa ya transfo mpya, ulizeni pia: fyuzi zake ziko? Rele na betri ya kabine zimepimwa? Kable ya ardhini iko? Transfo mpya bila walinzi itafuata ile ya zamani.
- Ukiona waya chini, kaa mbali mita 10 ao zaidi, zuia watoto, na julisha SNEL na wakubwa wa kartieri. Kama uko karibu tayari, ondoka kwa hatua fupi sana, miguu ikiburuta chini. Usimguse aliyeshikwa mpaka umeme umekatwa kweli. Kama waya umeangukia motokari, walio ndani wabaki ndani, isipokuwa moto ukiwaka.
- Usiingie kabine, hata mlango uko wazi.